Bakteria wa kula mafuta kwenye udongo na kisima, ni kweli au ndo tunapigwa?

Mkwaju_Mkavu:
Wakuu habari za humu. Naombeni mawazo maana nimekwama. Nina kiwanja huku nje kidogo ya mji, nimejenga na kuhamia, na nyuma ya ukuta wangu kulikuwa na sheli ya zamani iliyofungwa miaka mingi. Pampu zilishang'olewa ila yale matenki ya chini sijui kama yalitolewa au yalifukiwa tu humo humo. Nikachimba kisima cha mkono, mita kama 12, maji yakaja vizuri tu na mwanzoni hatukuhisi kitu. Masika ilivyoisha maji yakaanza kunuka mafuta, si kila siku, ila kuna siku ndoo ikilala asubuhi unakuta juu kuna utando wa rangi rangi. Mke wangu kagoma hata kufulia.

Sasa kaja jamaa mmoja kaletwa na jirani, anasema ana unga wa bakteria wanaokula mafuta, ndoo moja laki nane. Nusu anamwaga kisimani, nusu anakoroga na maji anamwagia udongo kuzunguka, wiki tatu kazi imeisha. Kanionyesha na video kwenye simu, maji meusi yanakuwa meupe. Hivi kweli hao bakteria wapo? Na wakishakula hayo mafuta maji yatanyweka? Mwenye uelewa anisaidie kabla sijatoa hela.

Kibuyu cha Pwani:
Laki nane kwa wadudu usiowaona 😂 na wakimaliza mafuta watahamia kwenye msingi wa nyumba au? Mkuu hiyo hela vuta maji ya bomba.

Bi_Udongo:
Kaka pole. Kabla ya habari ya bakteria, hayo maji acheni kunywa, kupikia na hata kuogea kwa sasa. Na msiyachemshe mkidhani mnayatibu. Petroli ina kemikali inaitwa benzini, inasababisha saratani ya damu, na ukichemsha inaruka na mvuke mnaivuta humo humo jikoni. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu, mafuta haviyagusi. Shirika la Afya Duniani linataka benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na kiwango hicho pua ya mtu haikisikii kabisa, kwa hiyo hata siku ambazo hayanuki usiyaamini.

Huo utando uupime kwanza. Chukua kijiti uupasue katikati. Ukivunjika vipande vyenye kona kona na vikabaki vimeachana, hao ni bakteria wa chuma, wapo kwenye visima vingi na hawana uhusiano na sheli. Ukijirudi na kuungana tena ujue ni mafuta.

Haya sasa bakteria. Wapo, si stori, na uwezekano mkubwa unao tayari bila kununua. Petroli na dizeli ni kaboni na haidrojeni, kwa bakteria wengi tu hicho ni chakula, na udongo uliokaa na mafuta miaka mingi unakuwa umeshajaa wale wanaoyaweza. Kinachowakwamisha mara nyingi ni hewa, halafu naitrojeni na fosforasi. Piga hesabu hii: kuteketeza kilo moja ya mafuta wanahitaji kama kilo tatu za oksijeni. Maji yaliyojaa hewa kwa joto la kwetu yana miligramu kama 8 tu za oksijeni kwa lita. Yaani lita nzima ya maji yenye hewa safi inatosha kumaliza miligramu mbili na ushee za mafuta basi, na huko chini penye mafuta oksijeni yenyewe ilishakwisha zamani. Ukimwaga ndoo ya bakteria wapya humo ni kujaza watu kwenye chumba kisicho na dirisha. Wengi wanakufa, waliobaki wanalala.

Ndo maana ukiona watu wanaofanya hii kazi kweli huwakuti na ndoo ya unga, unawakuta na kompresa na mabomba, wanasukuma hewa chini ya usawa wa maji, au wanatia mbolea. Kuna sehemu Marekani inaitwa Hanahan, South Carolina, mwaka 1975 ghala la mafuta la jeshi lilivuja mafuta ya ndege karibu lita laki tatu, yakaingia kwenye udongo wa kichanga, na miaka kumi baadaye yakawa yamefika chini ya makazi ya watu. Wanajiolojia wa serikali wakapima wakakuta bakteria wa hapo hapo wanayala ila taratibu. Mwaka 1992 wakaanza kuwapelekea virutubisho kwa kuvipitisha kwenye mitaro chini ya ardhi. Mwisho wa 1993 uchafu upande wa makazi ulikuwa umepungua kwa asilimia 75. Hapo hakuna aliyenunua mdudu hata mmoja.

@Kibuyu, msingi wako uko salama, chakula kikiisha nao wanapungua.

Fundi Msumi:
Naongezea ya visima maana ndo kazi yangu. Bosi usimshushe mtu humo kwenye kisima hata kama anajifanya mzoefu, mvuke wa petroli ni mzito unakaa chini, mtu anazimia kabla hajaita. Usishushe taa ya moto wala usiweke jenereta mdomoni mwa kisima. Na hiyo pampu izime kwa sasa, ukivuta maji kwa nguvu unayavuta na mafuta yaje upande wako.

Halafu hiyo ya masika kuisha ndo kunuka inaeleweka. Petroli inaelea juu ya maji ya ardhini. Mvua zikiisha maji yanashuka na mafuta yanashuka nayo huku yanapaka udongo njia nzima, msimu ujao yakipanda yanaosha ule udongo uliopakwa. Kwa hiyo harufu itakuja na kupotea, na huyo jamaa wa unga akija kipindi ambacho imepotea yenyewe atakwambia unaona dawa imefanya kazi. Wiki tatu alizokutajia zinamtosha sana kwa mchezo huo.

Mseto99:
Dada Bi_Udongo naheshimu maelezo yako ila usiwakatishe watu tamaa kwamba bakteria wa kununua ni utapeli wote. Hii ni sayansi ya siku nyingi. Ananda Chakrabarty, Mhindi aliyekuwa General Electric, alitengeneza bakteria wa kula mafuta ghafi, kesi ya hataza (haki ya mvumbuzi kumiliki alichobuni) ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1980 akashinda kwa kura 5 kwa 4. Sasa kama hawafanyi kazi hiyo kesi yote ilikuwa ya nini? Huyo jamaa wa mtaani anaweza kuwa tapeli sawa, ila bidhaa zenyewe zipo.

Bi_Udongo:
Kesi ile ilikuwa juu ya kama kiumbe hai kinaweza kupewa hataza, haikuwa juu ya kama kinasafisha ufukwe. Na mdudu wa Chakrabarty hakuwahi kupelekwa kwenye umwagikaji wowote wa kweli. Maabara unampa joto, hewa na chakula kimoja. Nje anakutana na wenyeji waliokaa hapo miaka, wanajua mazingira, wanamzidi.

Alaska ndo walipata nafasi ya kupima kweli kweli. Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka ikamwaga mafuta ghafi kama lita milioni 40, kilomita na kilomita za fukwe zikawa nyeusi. Walichomwaga kwa wingi ilikuwa mbolea, moja ya maji inayoshikamana na mafuta na nyingine ya chenga zinazoyeyuka polepole. Palipotiwa mbolea mafuta yakaisha haraka zaidi. Wakajaribu pia bidhaa za bakteria wa kununua zilizoletwa na makampuni, wakalinganisha na sehemu zisizotiwa hao bakteria, faida ya wazi haikuonekana. Na hata mbolea ina mwisho wake: mafuta yaliyozama chini ya mawe pasipofika hewa yalikuwa bado yapo miaka mingi baadaye, ukifukua unayakuta.

Ila nakubaliana na wewe kwenye kitu kimoja, tena kikubwa. Kuna kemikali za kuondoa grisi viwandani na za kufulia nguo kwa drai klina, zile zenye klorini nyingi. Hizo bakteria wa kawaida wanazikata nusu wanaishia njiani, na pale wanapoishia panaweza kuwa pabaya kuliko mwanzo, maana inabaki kloridi ya vinili ambayo inaleta saratani. Kundi linalojulikana kumaliza safari mpaka mwisho ni Dehalococcoides. Wa kwanza kabisa kutenganishwa peke yake alielezwa mwaka 1997, na alitoka kwenye tope la mtambo wa majitaka Ithaca, New York. Hao hawapo kila mahali, kwa hiyo huko kununua na kudunga ardhini kuna maana, na biashara ipo ya kweli kabisa. Lakini hao hawataki hewa hata kidogo, oksijeni inawaua, wanasafirishwa kwenye mitungi iliyofungwa. Mtu anayekuuzia bakteria mmoja wa kila uchafu, anambeba kwenye ndoo ya plastiki na anammwaga kisimani mchana kweupe, hajui anachouza au anajua sana.

Mseto99:
Hapo kwenye drai klina umenipa shule, sikujua. Ila bado nasema kwa udongo uliochimbuliwa, wa juu, kuongeza bakteria hakuna hasara.

Bi_Udongo:
Hasara ni laki nane kaka.

Mtoto wa Changamwe:
Wadau wa bara nawasalimu kutoka Mombasa. Niulize na mimi, je hao wadudu wanaweza kula risasi, ile madini? Huku kwetu Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, watoto wakapata sumu, watu wakaenda kortini na 2020 korti ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikazunguka hadi 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha ule uamuzi. Sawa, pesa ni pesa, lakini ule mchanga bado tunaukanyaga. Na kuna ndugu yangu Makueni, upande wa Thange bomba la mafuta lilipovuja 2015, yeye shida yake ni kama ya huyu mwenye kisima.

Bi_Udongo:
Ndugu yako wa Thange yuko fungu moja na Mkwaju, mafuta yanaoza. Risasi haiozi. Mafuta ni molekuli, bakteria anaivunja inabaki hewa ya kaboni na maji. Risasi ni elementi, ukiivunja unapata risasi ile ile. Anachoweza bakteria ni kuibadilisha hali tu, iwe inayeyuka au isiyeyuke. Kwa urani walifanya hivyo pale Rifle, Colorado, kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha kusaga urani: walidunga asetati, ndugu yake siki, wakawalisha bakteria wanaoitwa Geobacter, na urani iliyokuwa ikitembea na maji ikaganda kwenye mchanga. Lakini ipo pale pale, na hali ya maji ikigeuka inaweza kuyeyuka tena. Zebaki ndo mbaya zaidi, kuna bakteria kwenye matope wanaigeuza kuwa aina inayopanda kwenye samaki, kwa hiyo wale wa machimbo ya dhahabu kanda ya ziwa wasije wakadanganywa na ndoo hizi. Kwa Owino Uhuru mchanga wa juu unatakiwa kuondolewa au kufunikwa vizuri, na anayeweza kufanya hivyo kwa kiwango ni serikali, si mwananchi na koleo lake.

Dawa za kilimo za zamani ziko katikati. Pale Vikuge, Kibaha, kuna shehena ya viuatilifu vingine vishapitwa na muda iliyoletwa kama msaada mwaka 1986 ikaachwa mpaka ghala likabomoka, na miaka mingi baadaye watafiti wakipima udongo wanakuta DDT bado ipo. Inaoza, ila kwa mwendo wake.

Mkwaju_Mkavu:
Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Nimefanya ile ya kijiti leo asubuhi, utando unajirudi kuungana, tena haraka. Kwa hiyo ni mafuta. Pampu nimezima, maji tunanunua ya boza. Jamaa wa unga nimempigia nikamwomba majibu ya maabara ya kazi aliyowahi kufanya, kabla na baada, anasema hayo ni siri ya mteja.

Swali langu ni moja, naanzia wapi? Na kuna mtu kanishauri nichimbe udongo wote unaonuka uani niuchanganye na mbolea niulime lime, si ndo mlichosema?

Mjomba wa Bandari:
Kwenye kulima lima hapo subiri kwanza. Nimefanya kazi za mabomba Port Harcourt, Nigeria kwa muda, hicho ndo walichokuwa wanafanya kwenye mafuta yaliyomwagika eneo la Ogoni huko huko. Wanageuza udongo wa juu, wanaweka mbolea, juu panaonekana safi majani yanaota, wanafunga faili. Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likatoa ripoti yake, wakachimba wakakuta sehemu nyingi mafuta yameshuka mita 5 au zaidi, huko jembe halifiki hata kwa ndoto. Kijiji kinaitwa Nisisioken Ogale walikuta mafuta yameelea juu ya maji ya ardhini unene wa sentimita 8, na kwenye visima vya kunywa benzini imepita kiwango cha WHO zaidi ya mara 900. Ripoti ikasema kusafisha Ogoni yote kunaweza kuchukua miaka 25 mpaka 30. Bakteria hawakuwa na kosa, walipewa sentimita chache za juu tu.

Wewe mafuta yako yako mita 12, au popote maji yalipo. Ukilima uani unalima bure.

Bi_Udongo:
Mjomba kamaliza. Kwako wewe cha kwanza ni lile tenki. Kama bado lina kitu ndani na linavuja hakuna bakteria wa kununua wala wa bure atakayewahi. Na tenki si lako, kwa hiyo usianze kulipia uchafu wa mtu mwingine. Andika barua NEMC, wale wa mazingira, nakala EWURA maana wao ndo wanasimamia sheli, na nyingine Bodi ya Maji ya Bonde lenu, hawa ndo wenye habari ya maji ya ardhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka aliyechafua alipe. Pitia serikali ya mtaa upate na mhuri, na waulize majirani wenye visima kama nao wananusa, barua ya watu sita inasomwa haraka kuliko ya mmoja.

Ukipima, pima kwa Mkemia Mkuu au maabara nyingine inayoweza benzini, uliza kabla hujaenda, nyingi zinapima bakteria wa choo na chumvi tu. Na usipeleke maji kwenye chupa ya maji ya kunywa uliyoijaza nusu, utapewa jibu zuri la uongo. Benzini inaruka. Omba vichupa vyao vya kioo, jaza mpaka maji yatune mdomoni, funga, geuza kichwa chini uangalie: ukiona povu moja la hewa, mwaga anza upya. Weka kwenye boksi la barafu, peleka siku hiyo hiyo.

Fundi Msumi:
Na sampuli achukue mwenyewe wa maabara kama inawezekana. Ukichukua wewe, mwenye sheli akiwa na wakili atasema uliitia petroli kwa mkono wako.

Spana Kumi na Saba:
Mimi nina gereji, udongo wangu umelowa oili chafu ya miaka, ila ni ya juu juu, nikichimba futi moja na nusu nakuta mchanga mweupe. Hapo nalima au silimi?

Bi_Udongo:
Wewe sasa ndo unalima. Chimbua huo mweusi wote, tandika turubai zito au nailoni ya bwawa sehemu yenye paa, mwaga udongo unene wa futi moja usizidi, na pembeni weka tuta ili maji yasitoke. Mbolea kidogo kuliko unavyodhani: kama kila kilo ya udongo ina gramu 10 za oili, tani moja inataka kama kilo mbili za UREA kwa jumla, ugawe mara tatu nne kwa miezi tofauti, na DAP kiganja hivi kwa ajili ya fosforasi. Ukizidisha chumvi inawaua, na mabaki yanageuka naitreti yanashuka kwenye maji, utakuwa umetoa uchafu huu umetia ule. Geuza kila wiki. Maji nyunyizia kiasi kwamba ukikamata udongo ukaufinya unashikana bonge ila mkono haudondoshi maji. Changanya na maranda au pumba kama ni wa kushikana, upate hewa.

Dizeli ingeisha kwa miezi, oili ya injini ni nzito inachukua zaidi, na kipande cha mwisho kile kama lami hakiishi kabisa. Halafu oili iliyotumika ina vyuma vilivyosagika kwenye injini, hivyo ni kama ile risasi ya Mombasa, vinabaki. Kwa hiyo ukimaliza huo udongo jazia shimo la barabara yako ya kuingilia, usiupeleke kwenye mchicha.

Spana Kumi na Saba:
Sawa dada. Maranda ninayo, jirani yangu ni seremala. Na oili mpya inayotoka kwenye magari nimwage wapi?

Bi_Udongo:
Usimwage. Weka kwenye pipa lenye mfuniko, kuna wanunuzi wenye kibali wanaikusanya, ulizia NEMC kanda yenu wakupe majina. Na chini ya pipa piga zege.